Mtazamaji Alitangulia: Safari ya Sinema ya Kimalayalam

 

Nimeombwa nizungumzie sinema ya Kimalayalam. Najua wengi humu tulilelewa na filamu za Kihindi. Wazee wetu walipanga foleni kumwona Raj Kapoor katika Awaara na Nargis katika Mother India. Sisi tukaja na Amitabh Bachchan. Hizo ni sinema za Bombay. Leo nawashusha kusini, hadi Kerala, ukanda mwembamba uliobanwa kati ya milima ya Ghats na Bahari ya Arabia, pwani ya Malabari ambayo manahodha wetu waliijua zamani. Huko watu husema Kimalayalam. Sensa ya 2011 iliwahesabu milioni 33 na ushei, na kwa Uhindi hilo ni jimbo dogo. Hata hivyo filamu zao zimetunukiwa Delhi, London na Cannes, na nyingine zimetengenezwa upya kwa Kihindi, Kitamil, Kisinhala na hata Kichina.

Madhumuni yangu ni kueleza imekuwaje. Wengine hujibu kwamba Kerala ilibahatika kupata waongozaji wenye vipaji. Vipaji viko kila mahali, hata hapa ukumbini. Dai langu ni jingine: kule Kerala mtazamaji alitangulia. Kwanza walipatikana watu wanaosoma, wanaobishana na wanaojua kuikataa kazi mbovu, ndipo filamu njema zikapata pa kuegemea. Nitaleta hoja tano. Ya pili na ya tatu nitazikalia, ya nne nitaipita mbiombio, mtanisamehe.

Hoja ya kwanza: mtazamaji wa mwanzo alikuja na mawe

Mtu wa kwanza kutengeneza filamu huko alikuwa daktari wa meno, J. C. Daniel. Aliuza ardhi yake, akajenga studio Trivandrum, akaandika, akaongoza, akapiga picha na kuigiza mwenyewe katika sinema bubu iliyoitwa Vigathakumaran, yaani Mtoto Aliyepotea. Wanahistoria bado wanavutana kama ilionyeshwa 1928 au 1930. Kilichotokea siku ya kuonyeshwa hakina mvutano. Mwigizaji wa kike aliitwa P. K. Rosy, mkata majani na mwigizaji wa michezo ya jukwaani, kutoka jamii ya Dalit ambayo watu wa tabaka la juu waliihesabu najisi. Daniel alimpa nafasi ya mwanamke wa Kinayar, wa tabaka la juu. Watu waliojaa katika ukumbi wa Capitol hawakustahimili kumwona mwanamke wa aina yake akivaa sura ya aina yao. Walivurumisha mawe kwenye pazia. Rosy alifukuzwa, nyumba yao ikachomwa moto, akakimbilia upande wa Watamil na hakuigiza tena maishani. Daniel alifilisika, akafa 1975 akiwa fukara. Filamu yenyewe imepotea, hakuna nakala.

Hamkuniita nije kuwalilia wafu. Naanza hapo kwa sababu nikisema mtazamaji alitangulia, asije mtu akadhani nasifia watazamaji kwa jumla. Mtazamaji anaweza kuwa mjinga na katili. Ilibidi afundwe upya, na kazi hiyo haikufanywa na watu wa sinema. Sinema ya Kimalayalam kwa miaka ishirini iliyofuata ilikuwa kitu cha kuchechemea: filamu ya kwanza ya sauti, Balan, ilitoka 1938, nayo ilitengenezwa Salem, nje ya nchi ya Wamalayali, na studio ya kudumu ya kwanza katika nchi yao, Udaya ya Alappuzha, ilisimama 1947. Nyingi za filamu hizo zilikuwa nakala za filamu za Kitamil na Kihindi, hadi mahadhi ya nyimbo.

Hoja ya pili: maktaba na jukwaa vilimfunda mtazamaji

Mwaka 1945 mwalimu mmoja, P. N. Panicker, alikusanya maktaba 47 za vijijini katika dola ya Travancore akaziunga kuwa chama kimoja. Maktaba hizo zilikuwa vibanda vidogo tu, lakini zilikuwa na magazeti, taa na watu waliokaa barazani kusomeana na kubishana. Ziliongezeka kufikia maelfu. Wakati huohuo wakulima na wafanyakazi walikuwa wakijipanga kisiasa, na kikundi cha maigizo cha KPAC kilizunguka nchi nzima. Tamthilia yao ya 1952 iliyoandikwa na Thoppil Bhasi, ambayo jina lake ni sawa na kusema Mmenifanya Mkomunisti, ilichezwa kijiji kwa kijiji. Miaka mitano baadaye, 1957, Kerala ikachagua serikali ya kikomunisti kwa kura. Simsukumi mtu kwenye chama chochote, Ndugu Mwenyekiti. Nataka tuone kwamba mkulima aliyezoea kusomewa gazeti asubuhi na kutazama tamthilia usiku, akienda sinema hawezi kudanganywa kirahisi.

Matunda yakaonekana 1954 kwa filamu ya Neelakuyil, ya P. Bhaskaran na Ramu Kariat. Mwalimu wa tabaka la juu anampa mimba msichana wa Kidalit, Neeli, kisha anamkana. Neeli anafia kando ya reli, mtoto analelewa na tarishi wa posta, na mwalimu hatimaye inambidi asimame mbele ya dhamiri yake. Mwandishi wake, Uroob, alikuwa mtunzi wa riwaya. Nyimbo zake K. Raghavan alizichota kwenye nyimbo za watu wa vijijini wenyewe badala ya kukopa Bombay. Filamu ilipata medali ya fedha ya Rais wa Uhindi. Fikirini: haikutimia miaka thelathini tangu Rosy afukuzwe, na sasa watu wa Kerala walijaa kumbini kumlilia msichana wa Kidalit. Kweli, Neeli aliigizwa na mwanamke asiyekuwa Mdalit. Maendeleo nayo yalikuwa na mipaka yake. Mwaka uliofuata wanafunzi wakiongozwa na P. Ramdas walitoa Newspaper Boy, kisa cha mtoto wa maskini, miezi michache kabla ya Satyajit Ray kutoa Pather Panchali kule Kalkuta.

Halafu ikaja Chemmeen, 1965. Jina maana yake ni kamba, wale wa baharini. Thakazhi Sivasankara Pillai aliichapisha kwanza kama riwaya 1956. Karuthamma, binti wa mvuvi, anampenda Pareekutty, mchuuzi wa samaki Mwislamu. Baba yake, Chembankunju, anakopa fedha kwa kijana huyohuyo ili anunue chombo na nyavu, kisha halipi, na binti anamwoza kwa mvuvi mwingine, Palani. Imani ya wavuvi wale ni kwamba mke aliyeko pwani ndiye mwenye roho ya mume aliyeko baharini: akikosa uaminifu, Mama Bahari humchukua mume. Nani humu kutoka Kilwa, Lamu au Pemba anahitaji kufafanuliwa zaidi? Ramu Kariat aliongoza, na fundi wa kila namna alitafutwa popote alipo: muziki ni wa Salil Chowdhury, Mbengali; uhariri wa Hrishikesh Mukherjee, naye Mbengali aliyekuwa Bombay. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Uhindi ya kusini kupata medali ya dhahabu ya Rais.

Nasisitiza mpangilio wa mambo. Watu walikuwa wameisoma riwaya kwa miaka tisa kabla ya kuiona. Waliingia ukumbini wakiwa tayari wana maoni yao kuhusu Karuthamma, na Kariat alijua kwamba akiboronga atasutwa. Hali hiyo ilikuwa faida yake.

Hoja ya tatu: vyama vya filamu, na fedha za korosho

Mwaka uleule wa 1965, Adoor Gopalakrishnan, kijana aliyehitimu chuo cha filamu cha Pune, na wenzake walianzisha Trivandrum chama cha watazamaji kiitwacho Chitralekha. Kazi yake ilikuwa kuleta filamu za Japani, Poland, Ufaransa, Bengal, kuzionyesha, na kuzijadili. Vyama kama hivyo vikaota mji baada ya mji. Adoor alitengeneza filamu yake ya kwanza, Swayamvaram, 1972, yaani baada ya miaka saba ya kuandaa wa kuitazama. Ikachukua tuzo ya filamu bora ya taifa. Mwaka uliofuata mwandishi mkubwa M. T. Vasudevan Nair aliongoza Nirmalyam, nayo ikatwaa tuzo hiyohiyo. G. Aravindan, aliyekuwa mchora katuni gazetini, akaja na filamu za kimya zinazotembea polepole kama Thampu, inayofuata kikundi cha sarakasi kikiingia kijijini na kuondoka.

Sasa, ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mlio humu, hapa panawahusu. Mnajua korosho zetu ghafi kwa miongo mingi zilipakiwa melini kwenda Uhindi kubanguliwa. Mji mkuu wa ubanguaji huo ulikuwa Kollam, Kerala, ambako maelfu ya wanawake walikaa viwandani kupasua maganda. Katika mji huo alikuwapo tajiri wa korosho aliyeitwa K. Ravindranathan Nair. Ndiye aliyegharimia Kanchana Sita, Thampu na Kummatty za Aravindan, na Elippathayam, Mukhamukham na Anantaram za Adoor. Hakumwambia mwongozaji aongeze wimbo wala ngumi. Faida ya filamu yake ya Achani, ya 1973, aliijengea maktaba ya umma mjini Kollam. Tajiri anapata faida ya sinema, anajenga maktaba! Ningefurahi kuambiwa kwamba tunaye wa namna hiyo hapa; kama yupo ukumbini, anione mwisho wa mhadhara.

Elippathayam, yaani Mtego wa Panya, ya 1981, naihesabu kazi bora kuliko zote nitakazotaja leo. Unni ni bwana wa nyumba kubwa ya kikabaila baada ya sheria ya ardhi ya 1970 kuumaliza ukabaila. Hafanyi kazi. Anaogopa kukanyaga tope, anaogopa ng'ombe aliyeingia uani, anaogopa wageni. Ana dada watatu: mmoja anadai haki yake ya urithi, wa kati anatumikishwa mpaka anaugua, mdogo anatega panya na kuwazamisha bwawani. Mwishowe watu wanakuja usiku na kumtosa Unni katika bwawa lilelile. Hakuna hotuba hata moja dhidi ya ukabaila, ila ukitoka pale umeuelewa hadi harufu yake. Taasisi ya Filamu ya Uingereza iliitunuku Kombe la Sutherland mwaka uliofuata.

Kuna aliyekwenda mbali zaidi. John Abraham na wenzake waliunda kundi la Odessa, wakazunguka vijijini wakipiga ngoma na kuchangisha rupia kwa watu wa kawaida. Kwa fedha hizo wakatengeneza Amma Ariyan, 1986, kisa cha vijana wanaosafiri kumpelekea mama habari za kifo cha mwanawe. Mtazamaji hapo alikuwa ndiye mtayarishaji. John alifariki mwaka uliofuata, na kwa maoni yangu njia ile ilikufa naye kabla haijajaribiwa vya kutosha.

Serikali ya jimbo nayo iliingia: shirika la kuendeleza filamu lilianzishwa 1975, na tamasha la kimataifa la Kerala, IFFK, 1996, miaka miwili tu kabla ya tamasha la kwanza la ZIFF kule Zanzibar. Ukifika IFFK utaona maelfu wamepanga foleni kutazama filamu ya Iran, wakiwemo walimu wa shule na makondakta wa mabasi.

Hoja ya nne: soko, nyota na Ghuba

Msidhani Wamalayali wote walikuwa wakitazama bwawa la Unni. Umma ulikuwa na Prem Nazir, aliyeigiza mamia ya filamu, 130 kati ya hizo akiwa na mwigizaji mmoja huyohuyo, Sheela. Kuanzia miaka ya 1980 ukawa na Mammootty na Mohanlal, ambao hadi leo hawajang'oka. Uzuri wa muongo ule ni njia ya kati: Bharathan, Padmarajan na K. G. George walitengeneza filamu za soko zenye akili, na nyota walikubali kuigiza watu wadhaifu.

Ghuba ndiyo iliyobadilisha Kerala kuliko itikadi yoyote. Wamalayali walimiminika Dubai, Muscat na Doha tangu miaka ya 1970, fedha zikarudi nyumbani, kumbi zikajaa. Nadodikkattu, ya 1987, inacheka na ndoto hiyo: vijana wawili wasio na kazi wanamlipa tapeli awavushe hadi Dubai, wanashushwa usiku ufukweni, wanavaa kanzu wapate kufanana na wenyeji, kumbe wako Madras. (Mnacheka, lakini tunao ndugu waliolipa mawakala wa aina hiyo hapa.) Upande wa machungu upo pia. Aadujeevitham ya Blessy, ya 2024, kutoka riwaya ya Benyamin, inamfuata Mmalayali aliyefanywa mtumwa wa kuchunga mbuzi katika jangwa la Saudia; katika riwaya, anayemwongoza kutoroka ni Msomali. Na Sudani from Nigeria, ya 2018, inamleta mchezaji wa soka wa Kinigeria katika timu ya mtaani Malappuram, anavunjika mguu, na akina mama wa Kiislamu wa mji ule wanamuuguza kama mtoto wao. Filamu ni tamu. Mwigizaji wake, Samuel Robinson, alitangaza baadaye kwamba alilipwa kidogo kwa sababu ya rangi yake; pande mbili zikaafikiana, lakini lilikuwa fundisho kwa tasnia inayojisifu kwa utu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mambo yaliporomoka. Filamu zilikuwa za kumtukuza nyota aliyezeeka anayepiga watu na kukemea wanawake, na kwa muda mfupi zilizojaza kumbi ni za mahaba ya bei rahisi. Mtazamaji aliyefundwa alikaa nyumbani.

Hoja ya tano: aliporudi, alitaka kuona jikoni

Alirudi karibu na 2011, kwa filamu ya Traffic isiyokuwa na shujaa mmoja. Kamera za dijitali zilipunguza gharama, waandishi wapya wakaacha ngome za matajiri wakaenda miji midogo. Mwaka 2013 Jeethu Joseph akatoa Drishyam. Shujaa wake, Georgekutty, aliishia darasa la nne. Anauza huduma ya televisheni ya kebo na anakesha ofisini akitazama filamu. Familia yake inapoingia katika janga la mauaji, anaiokoa kwa maarifa aliyoyapata kwenye filamu hizo: jinsi ushahidi unavyojengwa, jinsi polisi wanavyohoji, jinsi kumbukumbu ya shahidi inavyopandikizwa. Ningetunga mwenyewe mfano wa kuunga mkono mhadhara wangu, nisingepata ulio bora. Angamaly Diaries, 2017, ikathubutu kuchukua waigizaji wapya 86. Kumbalangi Nights, 2019, ikaingia katika nyumba ya ndugu wanne kwenye kijiji cha wavuvi na kumwanika yule mwanamume "kamili" mwenye masharubu kuwa ndiye hatari ya nyumba.

Kisha The Great Indian Kitchen, Januari 2021. Jeo Baby aliipeleka kwenye majukwaa makubwa ya mtandaoni yakaikataa, ikatokea kwenye jukwaa dogo la Kikerala. Bibi harusi anakata, anakaanga, anasafisha, sinki linavuja, mume anasema kesho ataita fundi, na kesho haifiki. Karibu filamu nzima ni hiyo. Wanawake wa lugha nyingi walijiona mle, na yale majukwaa makubwa yakarudi kubisha hodi.

Lakini jikoni pa tasnia yenyewe palikuwaje? Februari 2017 mwigizaji mmoja mashuhuri alitekwa na kudhalilishwa ndani ya gari. Wenzake wakaunda umoja wa wanawake katika sinema, WCC, wakaidai serikali ichunguze. Kamati ya Jaji K. Hema iliwasilisha ripoti mwisho wa 2019. Ikafungiwa kabatini. Ilitolewa hadharani Agosti 2024, tena ikiwa na kurasa zilizofutwa, na ilieleza unyanyasaji wa kingono, mabwana wachache wanaoamua nani apate kazi, na wanawake kukosa hata vyoo mahali pa kupigia picha. Uongozi wa chama cha waigizaji ulijiuzulu wote. Hukumu yangu ni hii: tasnia iliyoweza kumwona Karuthamma na yule bibi harusi haikutaka kuwaona wanawake waliokuwa mbele ya kamera zake. Watazamaji ndio waliokataa ripoti izikwe. WCC wamekwisha kuanzisha chama cha filamu chenye jina la P. K. Rosy. Na mwaka 2025 filamu ya Kimalayalam iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote katika historia yake, Lokah, zaidi ya rupia bilioni tatu, imebebwa na mwanamke, Kalyani Priyadarshan, akiigiza jinamizi la kike la hadithi za mababu.

Mbele kuna nini? Kerala yenyewe ina mtihani. Mafanikio hayo yamepandisha gharama, filamu nyingi hula hasara, na wenye fedha wanaanza kutamani ukubwa wa Bombay. Wakiufuata watakuwa Bombay ndogo, na Bombay ipo tayari.

Kwetu, Amil Shivji ameshaonyesha njia kwa kuigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu iliyozinduliwa Toronto 2021. Rafu zetu zina riwaya nyingine zinazongoja. Tunachokosa ni mahali pa kukutania na kubishana. Kwa hiyo nawaomba wakutubi mlio hapa: mwezi ujao fungueni ukumbi jioni moja, tundikeni kitambaa cheupe, onyesheni Chemmeen, na taa zikiwashwa msiwaruhusu watu kwenda nyumbani kabla ya saa nzima ya mjadala. Mwezi unaofuata onyesheni ya kwetu, mwongozaji akiwa ameketi mbele, ajibu. Wenye korosho tutawatafuta baadaye.

 Mwenyekiti, naomba maswali yaanze na wale wanaonipinga.